Mkaguzi wa Mashua Yako: Jinsi ya Kumchagua Mtu Anayestahili

Haya ni maneno ya hotuba iliyotayarishwa kwa ajili ya wanachama wa vyama vya ushirika, wakulima na wafanya biashara wa Kitale na Bungoma ambao wametia fedha zao katika vyombo vya majini.

Mtu akisikia kwamba nimekuja kuzungumza habari za mashua katika nchi hii ya mahindi, pengine atacheka. Kitale iko katikati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, na Bungoma ni nchi ya miwa, mahindi na ng'ombe. Hapa hapana bandari, wala mtoto hazaliwi akisikia sauti ya mawimbi. Lakini nawaomba mtazame kidogo mahali mali yenu ilipo siku hizi.

Mto Nzoia hukusanya maji ya vilima vyenu, ukapita Webuye, ukateremka mpaka Budalang'i, na huko ukaingia katika Ziwa Victoria karibu na Port Victoria. Watu wa Bungoma wameufuata mto huo kwa biashara. Dagaa, ambazo wengi wenu huziita omena, hutoka katika fuo za Port Victoria na Sio Port, nazo huuzwa Chwele, Kimilili na Kanduyi. Upande wa Kitale iko barabara kuu iendayo kaskazini, kupitia Kapenguria na Lokichar mpaka Lodwar, na kutoka Lodwar hadi Kalokol kwenye Ziwa Turkana. Samaki mkavu wa ziwa hilo hupita katika barabara hiyo hiyo. Mtu anayenunua samaki mwaka hata mwaka mwisho huuliza, “Kwa nini nisiwe na mashua yangu mwenyewe?” Basi huuza mahindi, au ng'ombe, au huungana na wenzake katika chama, na mashua hununuliwa.

Hapo ndipo shida inapoanza. Mkulima wa Trans Nzoia akiona shamba la mahindi ajua kama ni zuri au ni baya. Akiona ng'ombe, humtazama meno na kiwele. Lakini akiona mashua iliyopakwa rangi mpya, hajui chini ya rangi hiyo mna nini. Na kwa kuwa anakaa mbali, hawezi kuitazama kila siku. Mali yake iko mikononi mwa nahodha na wavuvi, juu ya maji asiyoyajua. Kwa hiyo mtu wa nchi kavu anahitaji bima kuliko mtu wa pwani, na anahitaji zaidi mtu mwaminifu wa kumwambia hali ya chombo chake. Mtu huyo ndiye mkaguzi wa vyombo vya majini, naye ndiye habari yangu ya leo.

BIMA HUANZA KWA UKAGUZI

Bima ni mapatano. Mwenye mali hulipa fedha kidogo kila mwaka, na kampuni huahidi kumlipa kama mali yake ikipatwa na hasara ya namna iliyoandikwa katika hati. Lakini kampuni haiwezi kuahidi kitu isichokijua. Ofisa wa bima aliye mjini hajapata kuiona mashua yako iliyoko Kalokol. Hajui kama ni ya mvule au ya mbao laini, kama ina miaka miwili au kumi na miwili. Kwa hiyo hutaka mtu mwenye ujuzi aende akaitazame kwa macho yake, aandike alichokiona, na atie sahihi yake chini.

Desturi hii ni ya zamani sana. Mnamo mwaka 1688 kulikuwa na mkahawa mjini London uliokuwa mali ya Edward Lloyd. Manahodha na matajiri wa meli walikutana pale kunywa kahawa na kuulizana habari za safari, na wale waliokuwa tayari kuahidi fidia ya meli waliandika majina yao chini ya karatasi ya mapatano. Lakini waliona upesi kwamba waliandika majina yao juu ya meli wasizozijua. Mwaka 1760 wakaunda chama cha kuzikagua meli na kuandika hali ya kila moja katika kitabu. Hivyo kazi ya mkaguzi ilizaliwa kwa sababu watu walichoka kulipa fedha kwa ajili ya meli mbovu.

Tena mwaka 1876 Bunge la Uingereza lilitoa sheria iliyotaka meli ziwe na alama ubavuni kuonyesha mwisho wa kupakia mizigo. Aliyeipigania alama hiyo alikuwa mbunge mmoja jina lake Samuel Plimsoll. Alikasirishwa na matajiri waliopeleka baharini meli zilizochakaa, wakazipakia kupita kiasi, wakijua kwamba zikizama watalipwa fedha za bima, na mabaharia ndio watakaokufa. Nawaomba mkumbuke habari hii, kwa sababu yaonyesha kwamba bima bila ukaguzi wa kweli yaweza kuwa hatari kwa maisha ya watu.

SHERIA YASEMAJE

Katika Kenya iko Sheria ya Bima za Baharini, Sura ya 390, ambayo ilifuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1906. Sitaki kuwachosha kwa maneno ya mawakili, lakini mambo matatu yafaa yajulikane na kila mwenye mashua.

Jambo la kwanza ni uaminifu. Mkataba wa bima ya namna hii husimama juu ya uaminifu kamili wa pande zote mbili. Mwenye chombo hana budi kueleza kila jambo kubwa analolijua ambalo laweza kubadili nia ya kampuni. Kama mashua yako ilipata kupasuka mwaka jana ikatengenezwa, sema. Ukificha, kampuni yaweza kuuvunja mkataba siku ile unapouhitaji.

Jambo la pili ni hali ya chombo. Ikiwa bima ni ya muda, kama ya mwaka mmoja, na mwenye chombo akakipeleka majini hali anajua kwamba hakifai, kampuni haiwajibiki kwa hasara iliyoletwa na ubovu huo.

Jambo la tatu ni uchakavu. Kwa kawaida bima haimlipi mtu kwa sababu ya kuchakaa kwa chombo. Dhoruba ikiivunja mashua ni jambo moja. Mbao zikioza taratibu kwa miaka mitano ni jambo lingine. Mara nyingi ugomvi baina ya mwenye mashua na kampuni huwa juu ya swali hili: je, ni dhoruba au ni uozo? Mwenye ripoti nzuri ya mkaguzi, iliyoandikwa kabla ya hasara, ana jibu la kutoa. Asiye nayo ana maneno matupu.

CHETI CHA SERIKALI NA RIPOTI YA BIMA

Watu wengi huchanganya mambo mawili, nami nataka kuyatenga. Serikali ina wakaguzi wake. Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya, ambayo makao yake makuu yako Mombasa, iliundwa mwaka 2004, na kazi yake mojawapo ni kuangalia usalama wa vyombo, vikubwa na vidogo, baharini na katika maziwa. Mkaguzi wa Mamlaka hutazama kama chombo kimefikia kiasi cha usalama kinachotakiwa na sheria. Vile vile mashua ya uvuvi sharti iandikishwe kwa maofisa wa serikali wa uvuvi, na vikundi vya kusimamia fuo hushika habari za mashua zilizo katika ufuo wao.

Cheti hicho ni cha lazima, na asiyekuwa nacho asijisumbue kutafuta bima. Lakini cheti hakisemi mashua yako ina thamani gani. Hakisemi kama injini itadumu miaka mitatu au miezi mitatu. Hakikuambii kama bei uliyotajiwa na muuzaji ni ya haki. Hayo ni kazi ya mkaguzi wa bima, ambaye huandika hali ya chombo chote, thamani yake, na mambo yapasayo kutengenezwa. Mwenye busara huvitaka vyote viwili.

NI NANI ANAYESTAHILI?

Sasa nafika kwenye kiini cha maneno yangu. Mtu yeyote aweza kuvaa koti jeupe, akachukua nyundo na kitabu, akajiita mkaguzi. Utamjuaje aliye wa kweli? Nawapa maswali sita. Yaandikeni, mkampelekee mtu huyo kabla ya kumlipa hata shilingi moja.

Swali la kwanza: Je, umeandikishwa? Kwa Sheria ya Bima, Sura ya 487, wakaguzi wanaofanya kazi ya bima katika Kenya sharti waandikishwe na Mamlaka ya Kusimamia Bima, iliyoko Nairobi, kama vile wanavyoandikishwa mawakala na makampuni yenyewe. Mamlaka hiyo hutangaza majina ya walioandikishwa. Usitosheke kwa kuonyeshwa karatasi; tafuta jina lake katika orodha, na utazame kama ni la mwaka huu.

Swali la pili: Ulijifunza wapi kazi hii? Majibu mazuri ni mengi. Wengine walikuwa mainjinia wa meli, wengine manahodha wenye vyeti, wengine wajenzi wa vyombo. Wengine wamefanya mitihani ya vyama vya wakaguzi, kama ile Taasisi ya Kimataifa ya Wakaguzi wa Vyombo vya Majini iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1991. Lakini mtu akijibu kwamba kazi hii aliizoea tu kwa kukagua magari, mshukuru, umwache aende. Gari likiharibika husimama kando ya njia. Mashua ikiharibika huenda chini.

Swali la tatu: Umepata kukagua vyombo vya namna hii? Mashua ya mbao, mashua ya chuma, na mashua ya glasi na gundi, ile iitwayo faiba, ni vitu vitatu mbali mbali. Chuma huliwa na kutu. Mbao huoza na kuliwa na wadudu. Faiba huingia maji katikati ya matabaka yake bila kuonekana kwa nje. Mtu aliyetumia miaka ishirini katika meli za chuma pale Mombasa aweza kuwa bingwa, lakini kama hajapata kukagua mashua ya mbao ya Ziwa Victoria, huenda fundi mzee wa Port Victoria akamshinda. Mwombe akuonyeshe ripoti mbili au tatu alizoandika za vyombo kama chako, majina ya wenyewe yakiwa yamefichwa.

Swali la nne: Unamfanyia nani kazi? Swali hili ndilo kubwa kuliko yote. Mkaguzi asiwe ndugu wa muuzaji. Asiwe yule fundi atakayelipwa kutengeneza makosa atakayoyaona. Asiwe mtu anayepata sehemu ya bei mashua ikiuzwa. Na malipo yake yasipimwe kwa thamani atakayoiandika, maana atashawishika kuipandisha. Muuzaji akikuambia, “Usijisumbue, mimi nina mkaguzi wangu,” mjibu kwa adabu kwamba nawe utakuwa na wako.

Swali la tano: Kampuni ya bima itakukubali? Kabla ya kumwajiri mkaguzi, uliza kampuni yako kama itaipokea ripoti yake. Makampuni mengine yana orodha ya wakaguzi wanaowaamini. Ukilipa mtu kisha kampuni ikamkataa, utalipa mara mbili. Ujue pia kwamba si kila kampuni hukubali kuandikia bima mashua ndogo ya mbao. Basi anza kwa kampuni au wakala wako, ndipo umfuate mkaguzi.

Swali la sita: Ukikosea, ni nani atakayelipa? Mkaguzi mwenye kuiheshimu kazi yake ana bima yake mwenyewe ya kufidia makosa ya kazi. Mwambie akuonyeshe hati yake. Asikasirike kwa kuulizwa. Wewe ndiwe unayetia fedha.

SIKU YA UKAGUZI

Tuseme mmempata mtu mwema. Siku ya ukaguzi ikifika, mashua sharti iwe imevutwa juu ya nchi kavu, imetolewa nyavu, mbao za kukanyagia zimefunuliwa, na maji ya ngama yamefuliwa yote. Mkaguzi akikagua mashua inayoelea, amekagua nusu tu, maana sehemu inayozuia maji ndiyo asiyoiona. Msipake rangi mpya wiki hiyo. Rangi mpya humfanya mkaguzi ashuku.

Atazameni anavyofanya kazi, maana hapo mtamjua. Mkaguzi hodari huanza chini, kwenye mkuku, ambao ni uti wa mgongo wa chombo. Hugonga mbao kwa nyundo ndogo, moja moja, akisikiliza: ubao mzima hulia sauti kavu, na ubao uliooza hulia kama debe lililojaa nguo. Penye shaka huchoma kwa ncha ya chuma aone kama inazama. Hutazama misumari kama imelegea au imeliwa na kutu, na kalafati, yaani zile pamba na nyuzi zilizotiwa katika maungio ya mbao. Huingia ndani akatazama mataruma. Hutazama sana ubao wa nyuma unaobeba injini, kwa sababu hapo ndipo nguvu zote za injini zinapokaza, na hapo ndipo mashua nyingi zinapoanza kupasuka. Kisha huandika nambari ya injini, akaiwasha, akaisikiliza, akatazama tangi na mirija ya petroli.

Mwisho huhesabu vyombo vya usalama: majaketi ya kuokolea maisha, taa, filimbi, kata za kufulia maji, makasia ya akiba, nanga na kamba yake. Mwenye mashua asimwambie kwamba majaketi yako nyumbani. Jaketi lililoko nyumbani halijaokoa mtu ziwani.

Mtu akija, akazunguka mashua mara moja, akapiga picha nne kwa simu, akasema ripoti itakuja kesho, jueni kwamba hamkupata mkaguzi.

Ni vizuri pia awaulize habari za maji yenyewe. Ziwa Turkana si sawa na Ziwa Victoria. Maji yake yana magadi, na upepo wake wa kusini mashariki ni mkali mno. Mwaka 1934 watafiti wawili wa msafara wa Vivian Fuchs walivuka kwa mashua mpaka Kisiwa cha Kusini cha ziwa hilo, wala hawakurudi. Walitafutwa bila kuonekana. Nayo Ziwa Victoria, penye mdomo wa Nzoia, hupata magogo na takataka zinazoletwa na mafuriko ya Budalang'i, na gogo moja usiku latosha kutoboa mashua. Mkaguzi asiyeuliza mashua itafanya kazi wapi na kwa kazi gani hawezi kusema kama inafaa.

KUISOMA RIPOTI

Ripoti ikija, msiitie kabatini. Isomeni katika mkutano wa chama, na asiyejua Kiingereza asomewe kwa lugha yake, kwa maana fedha ni za wote. Ripoti nzuri ina tarehe na mahali pa ukaguzi, jina na sahihi ya mkaguzi, vipimo vya mashua, hali ya kila sehemu, picha, na thamani pamoja na sababu za thamani hiyo. Tena yataja mambo ambayo mkaguzi hakuweza kuyaona. Msiogope sehemu hiyo. Yule anayesema ameona kila kitu ndiye wa kuogopwa.

Kisha yafuata makosa yanayotakiwa kutengenezwa. Mkaguzi hodari huyapanga kwa ngazi: yale ya kutengenezwa kabla mashua haijagusa maji, yale ya kutengenezwa katika muda fulani, na yale ya kuangaliwa tu. Kampuni ya bima yaweza kuyafanya makosa ya ngazi ya kwanza kuwa sharti la mkataba. Mwenye mashua akiyaacha, akaendelea kuvua, atakuwa amejiandikia ushahidi juu yake mwenyewe kwamba alijua ubovu na hakuutengeneza. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika maji, ukuta wenyewe hupati nafasi ya kuujenga.

Neno moja juu ya thamani. Watu wengine humwomba mkaguzi apunguze thamani ili malipo ya mwaka yawe madogo. Tuseme mashua na injini yake vina thamani ya shilingi 600,000, nanyi mkaandikisha 300,000 tu. Dhoruba ikaleta hasara ya shilingi 200,000. Ikiwa mkataba una sharti la kugawana hasara, kampuni itasema kwamba mlikata bima ya nusu ya mali, nayo italipa nusu ya hasara, yaani shilingi 100,000. Nusu ya pili ni yenu. Na wale wanaopandisha thamani hulipa zaidi kila mwaka, na siku ya hasara hushukiwa kama wezi. Thamani ya kweli ndiyo iliyo rahisi kuliko zote.

GHARAMA

Najua mnayoyafikiri. Mtu wa Bungoma atasema, “Mkaguzi atoke Kisumu au Mombasa, aje mpaka Port Victoria kwa mashua moja? Nauli yake itakula faida yangu.” Maneno hayo ni ya kweli, na jibu lake ni ushirika. Kama safari yake ni shilingi 30,000, mwenye mashua moja atalipa zote. Mashua sita za ufuo mmoja zikikaguliwa siku mbili mfululizo, kila moja italipa 5,000 za safari, pamoja na ada ya kazi yenyewe. Vyama vya Kitale vyenye mashua Kalokol vyaweza kufanya vivyo hivyo. Pataneni bei kabla hajafunga safari, na mapatano yaandikwe: ni mashua zipi, kazi gani, kwa shilingi ngapi, na ripoti itatolewa lini.

Na msiandike mapatano hayo kwa jina la mwenyekiti peke yake. Andikeni jina la chama, na kila mwanachama apate nakala ya ripoti na ya hati ya bima. Mara nyingi mtu mmoja hufa au huhama, na karatasi zote hupotea pamoja naye, na wajane huachwa wakiuliza mashua ilikuwa ya nani.

RIPOTI HAIZUII MZIGO

Kabla sijamaliza nataka kusema jambo zito. Ripoti ya mkaguzi ni habari ya siku moja. Inaeleza mashua ilivyokuwa siku ile, juu ya nchi kavu, ikiwa tupu. Haiwezi kumzuia nahodha kupakia watu na magunia kesho yake.

Mnakumbuka MV Bukoba, meli iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikafa na watu zaidi ya 800. Mnakumbuka pia kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko hicho kiliwekewa kiasi cha watu 101, lakini waliokufa peke yao walikuwa 228. Hesabu hizo zatosha kumweleza mtu kilichotokea. Hapana karatasi duniani iwezayo kukiokoa chombo kilichobebeshwa mara mbili ya nguvu zake.

Kwa hiyo mwulizeni mkaguzi aandike waziwazi mashua yenu ichukue watu wangapi na mzigo wa kilo ngapi, na hesabu hiyo ipakwe kwa rangi ubavuni mahali ambapo kila abiria aweza kuisoma. Mpeni nahodha amri iliyoandikwa, na mkubali kwamba siku nyingine atarudi na samaki wachache kwa sababu aliitii amri yenu. Tajiri anayemkaripia nahodha kwa kurudi mapema ndiye anayeizamisha mashua yake mwenyewe.

HASARA IKITOKEA

Ikiwa ajali imetokea, okoeni watu kwanza. Kisha toeni habari kwa polisi, kwa Mamlaka ya Usafiri wa Majini na kwa kampuni ya bima, bila kukawia. Zuieni hasara isizidi: ivuteni mashua nchi kavu, iondoeni injini majini. Pigeni picha, lakini msianze kutengeneza kabla mkaguzi wa hasara hajafika. Huyu mara nyingi hutumwa na kampuni, nanyi mnayo haki ya kumwajiri wenu kama hamkuridhika na maneno yake. Mkionewa, iko njia ya kupeleka mashtaka kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima. Lakini katika mashtaka hayo, karatasi mtakayoulizwa mapema ni ile ripoti ya kwanza, iliyoandikwa mashua ilipokuwa nzima.

Mabibi na Mabwana, mkulima wa hapa hapandi mbegu asiyoijua, wala hanunui ng'ombe usiku. Basi asinunue mashua kwa kutazama rangi, wala asiikatie bima kwa maneno ya mtu asiyemjua. Wale vijana wanaotoka usiku na taa zao kutafuta dagaa hawajui habari za hati na malipo. Wao wanajua tu kwamba wamekanyaga ubao, na kwamba chini ya ubao huo pana maji. Mtu atakayeugonga ubao huo kwa nyundo, akasikiliza, akawaambieni kweli hata ikiwa kweli hiyo itawagharimu fedha, huyo ndiye mkaguzi anayestahili. Mtafuteni, mlipeni haki yake, na myafuate maneno yake.